Ekaristi Ndani ya Seng'enge

Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wa dola yake watoe sadaka kwa miungu mbele ya mashahidi, kisha wapewe hati ya kuthibitisha kwamba wamefanya hivyo. Katika mji wa Karthago, jirani na Tunis ya leo, Wakristo waliokataa walitupwa gerezani. Askofu wao, Sipriani, alikuwa mafichoni, ila barua zake zilizidi kupenya na kuwafikia mapadre wake. Moja ya barua hizo ina agizo dogo ambalo natamani kila Mkatoliki wa Afrika alijue. Anawaambia wasiende gerezani kwa makundi, wasije wakawatia walinzi shaka na mlango ukafungwa kabisa. Padre anayekwenda kuadhimisha Ekaristi kwa wafungwa aandamane na shemasi mmoja, tena wapokezane, leo huyu, kesho yule, ili sura zisizoeleke machoni pa walinzi.

Sipriani haulizi kama Misa ifike gerezani. Jambo hilo lilikwisha amuliwa. Anachopanga ni njia ya kuifikisha. Tangu siku hizo hadi karne yetu, kila mara watawala walipowatenga waamini na altare, maswali yaliyobaki yalikuwa hayo hayo: nani abebe, abebe katika nini, apite wapi. Sehemu kubwa ya historia hiyo haikuandikwa, maana walioitenda maisha yao yalitegemea siri. Iliyoandikwa inatosha kuonyesha Wakatoliki wanamaanisha nini wanaposema kwamba Kristo anakaa nao.

Kaisari Diocletian naye, mwaka 303, alitoa amri ya kuchoma Maandiko Matakatifu na kupiga marufuku makusanyiko ya Wakristo. Huko Abitina, mji mdogo usio mbali sana na Karthago, askofu Fundanus aliogopa akayasalimisha Maandiko. Waamini wake hawakumfuata. Waliendelea kukusanyika majumbani wakiongozwa na padre Saturninus, mpaka mwaka 304 walipokamatwa Dominika moja wakiwa kwenye adhimisho nyumbani kwa Octavius Felix. Walikuwa watu 49, wake kwa waume, vijana na watoto. Walipelekwa Karthago mbele ya liwali Anulinus, wakahojiwa mmoja mmoja huku wakiteswa. Emeritus, msomaji wa Maandiko katika kanisa lile, aliulizwa kwa nini naye amewaruhusu watu kukusanyika kwake kinyume cha amri ya kaisari. Alijibu kwamba hao ni ndugu zake, asingeweza kuwazuia, na kwamba bila adhimisho la Bwana wao hawawezi kuishi. Hakusema ni desturi yao, wala hakusema ni haki yao. Alisema hawawezi.

Nyuma ya jibu hilo kuna imani ambayo Mtakatifu Yustino, aliyeandika huko Roma yapata mwaka 155, aliieleza kwa uwazi kwa kaisari wa wakati wake: chakula hiki si mkate wa kawaida, ni Mwili na Damu ya Yesu aliyefanyika mtu. Yustino anaongeza jambo la utaratibu lenye uzito mkubwa katika habari hizi. Baada ya adhimisho, anasema, mashemasi huwapelekea wale ambao hawakuweza kufika. Kumbe tangu mwanzo meza ya Bwana haikuishia pale walipoketi waliohudhuria. Ilitoka nje, ikapita mitaani mikononi mwa watu, ikamfuata mgonjwa kitandani na mfungwa kwenye minyororo.

Fundisho lingine lilikuja kuwafaa wafungwa wa karne ya 20 kuliko walivyodhani maaskofu waliolitangaza. Oktoba 1551 Mtaguso wa Trento ulitamka kwamba Kristo yupo mzima katika kila umbo, la mkate na la divai, na mzima katika kila sehemu ya umbo hilo likigawanywa. Waliokuwa wakijadiliana pale walikuwa na mabishano ya wakati wao akilini. Ila mtu aliyepokea chembe ya hostia ndogo kuliko punje ya mtama, ameificha kwenye mkunjo wa karatasi, alijua kutokana na fundisho hilo kwamba hakupewa sehemu ya Kristo. Alipewa Kristo.

Kambi ya Dachau, karibu na mji wa München, ilifunguliwa na serikali ya Hitler Machi 1933 kwa ajili ya wapinzani wa siasa. Kuanzia Desemba 1940 wakuu wa kambi za mateso walianza kuwakusanya humo wakleri waliotawanyika katika kambi nyingine. Hadi vita vinakwisha, wakleri 2,720 hivi walikuwa wameandikishwa Dachau, na kati yao 2,579 walikuwa Wakatoliki. Zaidi ya 1,000 walifia humo. Wapoland peke yao walikuwa 1,780, wakafa 868.

Baada ya Vatikani na maaskofu wa Ujerumani kuisihi serikali, ruhusa moja ilitolewa: chumba kimoja katika bweni namba 26 kiwe kikanisa. Misa ya kwanza ilisomwa Januari 21, 1941. Hebu fikiria wingi wa mapadre waliobanana ndani ya chumba hicho, watu waliozoea kila mmoja kuwa na altare yake na waamini wake, sasa wamenyolewa vichwa na kuvishwa sare za mistari, wakisubiri chembe ya Komunyo kutoka mkononi mwa mwenzao. Nje ya dirisha walikuwako walinzi wenye mbwa. Ndani ya tabernakulo ya kubahatisha alikuwamo Yule waliyemhubiri maisha yao yote, amefungwa kambi moja nao. Sijui kama kuna kanisa kuu Ulaya lililobeba sala nzito kuliko zile za bweni namba 26.

Lakini hata faraja hiyo iligawanywa ili iumize. Septemba 1941 mapadre wa Poland walitengwa na wenzao, wakanyimwa kikanisa na ruhusa ya kufanya ibada yoyote. Bweni lao, namba 28, lilikuwa jirani kabisa na kikanisa, kwa hiyo walilala hatua chache tu kutoka tabernakulo bila kuruhusiwa kuisogelea. Hapo ndipo yale maswali ya Sipriani yalipofufuka. Mapadre wa Ujerumani walianza kuwapitishia hostia zilizogeuzwa kwa siri. Baadhi ya Wapoland waliadhimisha Misa katika mashamba ya mitishamba walikofanyishwa kazi, wamepiga magoti udongoni kama wanaong'oa magugu, mkate kidogo na tone la divai vikiwa vimefichwa mbele yao. Mtu aliyekamatwa na vitu hivyo alijua kinachomsubiri.

Katika bweni hilo namba 28 aliingia, Juni 1942, padre Mkarmeli kutoka Uholanzi, Titus Brandsma. Alikuwa na miaka 61, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Nijmegen na mwandishi wa magazeti. Kosa lake lilikuwa kuzunguka kwa wahariri wa magazeti ya Kikatoliki nchini mwake akiwapelekea msimamo wa maaskofu: wasichapishe matangazo ya Wanazi, hata kama kukataa kutawagharimu magazeti yenyewe. Afya yake ilikuwa mbovu alipofika Dachau, na kipigo kilimwandama karibu kila siku. Bruda wa shirika lake, Raphael Tijhuis, aliyekuwa mfungwa pamoja naye na akatoka hai, ndiye aliyesimulia yafuatayo.

Mapadre wa Ujerumani walikuwa wakimpatia Brandsma Ekaristi kwa siri, naye akaihifadhi katika kijaluba cha miwani yake. Jioni moja mlinzi alimshambulia, akamwangusha na kumpiga mateke. Mzee yule alikikaza kijaluba kwapani, hakukiachia, akajikokota mpaka ndani ya bweni. Bruda alipomkimbilia kumpa pole, Brandsma alimwambia kwa utulivu kwamba yeye alijua fika ni nani aliyekuwa naye. Usiku ule, badala ya kulala, alitaka wakae wakiabudu. Miwani ya mtu mgonjwa, kijaluba chake kilichochakaa, na ndani yake kile ambacho parokia nyingine hukiwekea dhahabu na taa isiyozimika! Julai 26, 1942, aliuawa kwa sindano ya sumu katika hospitali ya kambi. Kabla ya hapo alimpa rozari yake muuguzi aliyemchoma sindano, na ni muuguzi huyo aliyekuja kutoa ushuhuda wa kifo chake miaka mingi baadaye.

Katika kambi hiyo hiyo alikuwamo shemasi kijana, Mjerumani, Karl Leisner. Alipewa ushemasi Machi 1939, akawa anangoja upadrisho, kifua kikuu kikamlaza sanatorio. Novemba mwaka huo habari zilipofika kwamba jaribio la kumuua Hitler limeshindikana, alitamka neno la kusikitika kwamba mtu huyo hakuwepo bomu lilipolipuka. Mgonjwa mwenzake akamchongea. Basi shemasi akaingia gerezani siku zile zile alizopaswa kuwa anajiandaa kwa Misa yake ya kwanza, na kufikia mwisho wa 1940 alikuwa Dachau, mapafu yakizidi kuoza.

Hakuna padre anayeweza kumpadrisha mwingine. Ni lazima askofu. Septemba 1944 aliletwa kambini askofu mmoja, Gabriel Piguet wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, aliyekamatwa kwa kuwasaidia waliokuwa wakitafutwa na Wanazi. Wafungwa wakaona mlango umefunguka. Piguet alikubali kwa sharti kwamba taratibu za Kanisa zifuatwe: kibali cha askofu wa Leisner, Clemens August von Galen wa Münster, na cha Kardinali Faulhaber wa München, ambaye kambi ilikuwa katika jimbo lake. Vibali hivyo, pamoja na mafuta matakatifu, viliingia kambini kwa mkono wa msichana wa miaka 20, Josefa Mack, aliyekuwa akifika mara kwa mara kwenye duka la mashamba ya kambi, ambako wananchi waliruhusiwa kununua miche na maua. Kati ya miche na mboga alipitisha barua, hostia na divai. Baadaye aliingia utawani. Ukisoma barua ya Sipriani kisha ukamkumbuka binti huyu na kikapu chake, utaona agizo lile la Karthago limetekelezwa miaka karibu 1,700 baadaye na mtu ambaye pengine hakuwahi kuisoma.

Desemba 17, 1944, Dominika ya Furaha katika Majilio, Leisner alipadrishwa katika kikanisa cha bweni namba 26. Wafungwa walikuwa wamemchongea askofu fimbo ya mti, wakamshonea mavazi ya ibada. Padre mpya alikuwa dhaifu kiasi kwamba asingeweza kusoma Misa siku zile. Alipumzika hadi Desemba 26, sikukuu ya Mtakatifu Stefano shemasi, akaadhimisha Misa yake ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Majeshi ya Marekani yaliikomboa kambi Aprili 29, 1945. Leisner akafa katika sanatorio ya Planegg Agosti 12. Wapo watakaohesabu gharama: roho za watu zimewekwa rehani, kuanzia binti wa kikapu hadi askofu mwenyewe, ili mgonjwa asomee Misa moja. Waliokuwamo Dachau hawakuhesabu hivyo. Kwao Misa moja ilitosha kuhalalisha hatari yote, na mimi naamini waliona sawasawa.

Wakati Dachau inajaa mapadre, huko Mashariki padre mwingine alikuwa amejiingiza mwenyewe kwenye mdomo wa simba. Walter Ciszek, Mjesuiti aliyezaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1904, alijitolea tangu ujana kwenda Urusi. Mwaka 1940 alivuka mpaka kwa jina la bandia, kama kibarua wa kukata magogo milima ya Ural. Huko yeye na mwenzake waliwahi kuadhimisha Misa msituni, kisiki cha mti kikiwa altare. Juni 1941 alikamatwa na kushtakiwa kuwa jasusi wa Vatikani, akapelekwa gereza la Lubyanka, Moscow, akahukumiwa kazi ngumu miaka 15. Miaka ya Lubyanka, mingi yake akiwa peke yake chumbani, hakuwa na mkate wa Misa wala divai. Alisali sala za Misa kwa kichwa, akaishi kwa njaa hiyo. Alipofikishwa kambi ya Dudinka, kaskazini ya mbali kwenye mto Yenisei, mwaka 1946, alikutana na padre Mpoland mfungwa aliyempatia nafasi ya kusoma Misa yake ya kwanza baada ya miaka zaidi ya mitano. Ameandika kwamba furaha ya siku ile ilimzidi nguvu.

Kutoka hapo, maisha ya Ciszek katika makambi ya Siberia yalizunguka Ekaristi. Mapadre wafungwa walikamua divai kutokana na zabibu kavu. Kikombe kidogo cha kioo kikawa kalisi. Misa zilisomwa stoo, kwenye kona ya jengo linaloendelea kujengwa, wakati wa mapumziko ya mchana, mtu mmoja akisimama nje kuangalia nani anakuja. Na waamini walifunga. Sheria ya Kanisa ya wakati huo ilimtaka anayepokea Komunyo asile wala kunywa kitu kuanzia saa sita za usiku. Wazee wetu wa vigangoni wanaikumbuka vizuri, maana walitembea alfajiri maili nyingi hadi misioni na tumbo tupu. Papa Pius XII aliilegeza mwaka 1953 na 1957. Ila wafungwa wa Siberia, katika baridi inayoua, walioishi kwa kipande cha mkate na uji mwepesi, waliacha kifungua kinywa chao, wakafanya kazi nzito nusu siku, ili mchana wapokee. Ciszek anasema wengine walifunga hivyo na Misa ikashindikana kwa sababu mlinzi alikuwa karibu, kesho yake wakafunga tena. Sioni ushuhuda wa imani katika Ekaristi unaozidi wa mtu mwenye njaa anayekiacha chakula chake cha pekee ili ale Chakula hicho. Ciszek aliachiwa kambini 1955, akarejeshwa kwao Marekani Oktoba 1963, kwao ambako walikuwa wamekwisha kumwombea kama marehemu.

Nimekuja polepole hadi Vietnam, kwa sababu yaliyotokea huko yanaonekana kama yamekusanya yote yaliyotangulia.

François-Xavier Nguyen Van Thuan alizaliwa Huế Aprili 17, 1928, katika ukoo uliowahi kutoa wafiadini. Mama yake alikuwa dada wa Ngo Dinh Diem, rais wa kwanza wa Vietnam ya Kusini. Alipadrishwa 1953, akawa askofu wa Nha Trang 1967. Aprili 24, 1975, Papa Paulo VI alimteua askofu mkuu mwandamizi wa Saigon. Siku sita baadaye mji huo uliangukia mikononi mwa majeshi ya Kaskazini. Serikali mpya iliona uteuzi huo kuwa njama ya Vatikani na mabeberu, na Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alikamatwa. Alichukuliwa na kanzu yake na rozari mfukoni. Alikuwa na miaka 47, na asingetoka kifungoni hadi anatimiza 60. Kati ya miaka hiyo 13, tisa alikaa peke yake.

Alipokamatwa aliondoka mikono mitupu. Akaruhusiwa kuandika nyumbani kuomba vitu vya lazima, nguo na dawa ya meno. Akaongeza mstari mmoja: naomba mniletee divai kidogo, dawa yangu ya tumbo. Waamini walielewa mara moja. Walileta chupa ndogo yenye lebo ya dawa ya tumbo, na hostia wakazificha ndani ya tochi ili zisipate unyevu. Askari alimuuliza kama ana ugonjwa wa tumbo, akajibu ndiyo. Basi, hii dawa yako.

Tangu siku hiyo, kila alipoweza, aliweka matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono wake, akaadhimisha Misa. Kiganja kikawa kalisi, na kiganja hicho hicho kikawa altare. Hakuna vazi wala mshumaa wala kitabu. Sala zote alizijua kwa moyo. Van Thuan alisema baadaye kwamba hizo ndizo zilikuwa Misa nzuri kuliko zote maishani mwake. Mtu huyu aliwahi kuadhimisha katika makanisa makuu mbele ya umati.

Mwishoni mwa 1976 alisafirishwa kwa meli kwenda Kaskazini pamoja na wafungwa wengine 1,500, watu waliokata tamaa, baadhi yao wakitaka kujiua. Anasimulia kwamba usiku ule aliona kumbe jimbo lake sasa ni hili, na kanisa kuu lake ni meli hii. Kambini walipangwa vikundi vya watu 50 waliolala kwenye kitanda kimoja kirefu cha mbao, kila mmoja na sentimita 50 zake. Wafungwa walifanya mpango Wakatoliki watano wakalala karibu naye. Taa zilizimwa saa tatu na nusu usiku. Hapo aliinamia kitanda, akaadhimisha Misa kwa kunong'ona, kisha akapitisha mkono chini ya vyandarua kuwapa Komunyo. Walikusanya karatasi za paketi za sigara, wakatengeneza vipakiti vidogo vya kuhifadhia Sakramenti Kuu, na kila mmoja akambeba Yesu katika mfuko wa shati lake.

Kila wiki wafungwa wote walikusanywa kwa somo la siasa. Wakati wa mapumziko wale watano walipita katikati ya watu, wakawapitishia wenzao wa vikundi vingine vipakiti vile. Hivyo kambi nzima, bila wakuu wake kujua, ikawa na tabernakulo zinazotembea. Usiku watu walipeana zamu za kuabudu wakiwa wamelala kitandani. Van Thuan anashuhudia kwamba Wakristo waliokuwa wamepoa walirudia uhai wa imani yao, na hata watu wa dini nyingine wakaomba ubatizo. Mapadre wa Dachau walitaabika kupata askofu, kikanisa na vibali. Hapa wabebaji walikuwa walei wenye matambara, wakimpeleka Kristo kwa waliozuiwa kumfikia, kazi ambayo Yustino aliiandika kuwa ya mashemasi.

Upweke wa miaka iliyofuata ulimjaribu kwa namna nyingine. Kulikuwa na siku, anakiri, alizokuwa mgonjwa na mchovu kiasi cha kushindwa kusali sala moja ya Salamu Maria. Hakujidai kuwa shujaa. Aliendelea kwa matone yake matatu alipokuwa nayo, na kwa kumbukumbu alipokuwa hana. Walinzi waliowekwa kumlinda walibadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa waligeuka rafiki zake. Akawafundisha lugha, wakamruhusu kukata kipande cha mti akachonga msalaba, ambao aliuficha ndani ya sabuni ili usionekane wakati wa upekuzi. Mlinzi mwingine alimpatia waya wa umeme, akamsaidia kuukata na kuutengeneza uwe mnyororo. Msalaba huo alipoachiwa aliendelea kuuvaa kama msalaba wake wa kiaskofu.

Aliachiwa Novemba 21, 1988, sikukuu ya Kutolewa Bikira Maria Hekaluni. Mwaka 1991 aliondoka Vietnam na hakuruhusiwa kurudi. Roma ilimpokea, na mwaka 1998 akawa rais wa Baraza la Kipapa la Haki na Amani. Machi 2000, mwaka wa Jubilei Kuu, aliitwa kuongoza mafungo ya Kwaresima ya Papa na wasaidizi wake ndani ya Vatikani. Kwa siku kadhaa aliwasimulia makardinali habari za tochi, dawa ya tumbo na paketi za sigara. Kati ya waliokuwa wakimsikiliza alikuwamo Mpoland mmoja aliyejiandaa kwa upadre katika seminari ya siri huko Kraków chini ya Wanazi, miaka ile ile mapadre wa nchi yake walipokuwa wakipiga magoti udongoni Dachau: Papa Yohane Paulo II. Ni yeye aliyemtangaza Titus Brandsma mwenyeheri mwaka 1985, na Karl Leisner mwaka 1996, na mwaka 1999 huko Warszawa akawatangaza wenyeheri wafiadini 108 wa Poland wa wakati wa vita, ambao baadhi yao walifia katika kambi ile. Februari 2001 alimfanya Van Thuan kardinali. Alifariki Roma Septemba 16, 2002, na Kanisa likamtangaza Mheshimiwa mwaka 2017.